Mate ya Mjomba

Chiku muuza ndizi alinikuta nanawa mikono. Si ajabu. Pale Same, jirani na stesheni ilipokuwa gereji yangu, watu walisema fundi Swalehe ananawa kuliko anavyotengeneza magari. Waseme. Grisi naivumilia kwa kuwa ndiyo inayonilisha. Lakini kamasi, usaha, nywele ndani ya mboga, mtu anayelamba kidole ndipo ahesabu noti... hapana. Tumbo langu halina adabu mbele ya mambo hayo.

"Fundi," Chiku alisema huku akitua tenga lake, "Aminieli amekwama njia ya Vudee. Springi ya nyuma imekatika. Anasema umpelekee zile springi zake leo hii hii. Usingoje kesho."

"Gari limekaa mwaka mzima linalia, leo ndiyo ana haraka?"

Chiku hakucheka. Alitazama nyuma yake, kisha akasogea karibu.

"Yuko na mkewe na mtoto. Usiniulize mengine."

Alasiri ilikuwa inaisha. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza, mikutano ya uhuru imeshaanza kufika hadi huku kwetu, na Aminieli alikuwa mmoja wa watu weusi wachache waliokuwa na gari katika milima ile. Landrova lenyewe lilikuwa zee, alilinunua kwa mlowezi wa mkonge aliyefunga virago. Rangi yake ya kweli ilibaki chini ya viti tu. Alibebea kahawa, wagonjwa, maharusi, na mara moja mbuzi dume wa mahari ambaye harufu yake ilinifanya nilitengeneze gari lile nimejifunga kitambaa puani.

Springi nilikuwa nazo. Nilizifungua kwenye Landrova jingine lililopinduka Lembeni, nikazisugua kwa mafuta ya taa mpaka zikang'aa. Kilichokosekana ni bushi, nazo nilikuwa nimeziagiza duka moja la Moshi. Bushi ni kile kikombe cha mpira kinachokaa ndani ya jicho la springi, kisha pini inapita katikati yake. Bila bushi, chuma kinatafuna chuma. Pini itacheza, itachomoka, na ekseli itakwenda inakotaka yenyewe. Ukiwa tambarare utashuka usukume gari. Ukiwa kwenye kona za Vudee utazikwa.

Zilikuwa zimefika asubuhi ile, zimefungwa kwenye karatasi. Nikazitia mfukoni hivyo hivyo bila kuzifungua, nikabeba springi na bolti zake, jeki, msumeno na spana, nikadandia lori la mbao lililokuwa linapanda tupu.

Tulipokaribia kona niliyoambiwa, dereva alipunguza mwendo lakini hakusimama.

"Ruka, fundi."

"Simama basi, nina vyuma!"

"Hapa mimi sisimami."

Nilitupa vyuma, nikaruka, nikamtukana hadi lori likapotea. Lakini nilijua sababu. Juu ya kona ile lipo jabali, na kila Mpare analijua hata kama hajapata kufika. Zamani, mtoto akiota meno ya juu kabla ya ya chini, aliitwa kigego. Walisema ni nuksi, kwamba akiachwa akue ukoo wake utapukutika mmoja mmoja. Basi walimchukua akiwa ameshiba na amelala, wakamlaza ukingoni mwa jabali, wakaondoka. Hakuna aliyemsukuma. Mtoto mwenyewe akigeuka usingizini, basi, ameanguka. Mikono ya watu inabaki safi.

Mikono safi! Mimi ninayejua kunawa nakwambia hakuna uchafu kama ule. Mjerumani alikataza, wamisheni wakakataza, Mwingereza akaweka kifungo. Watu wakaitikia, ndiyo bwana.

Landrova lilikuwa limeinamia upande wa kushoto, chini kabisa ya jabali. Ukungu ulikuwa unashuka. Aminieli alinijia mbio, akanipokea vyuma bila hata kusalimia. Mkewe, Eliwaza, alikuwa amekaa kiti cha mbele, kanga imemfunika yeye na mtoto mpaka kichwani.

"Hujambo, shemeji?"

"Sijambo," alijibu ndani ya kanga. Hakuifunua.

Nilimvuta Aminieli nyuma ya gari. "Niambie."

"Ameota mawili," alinong'ona. "Ya juu."

Nilijipangusa mikono kwenye suruali.

"Baba ameitisha kikao tangu mchana," aliendelea. Baba yake alikuwa Mzee Filemoni, mzee wa kanisa, mwenye sauti nzito ya kuanzisha nyimbo. "Kikaoni mjomba ndiye anayemsemea mtoto. Eliwaza hana kaka, Swalehe. Hana hata mmoja. Wameuliza mjomba yuko wapi, hakuna aliyesimama. Sisi tukatoka kwa mlango wa jikoni. Wakimaliza pombe yao watashuka kututafuta."

"Treni ya Tanga?"

"Asubuhi. Nina rafiki bandarini. Nikimfikisha mtoto stesheni amepona. Akikutwa hapa..."

Alitazama jabali.

Nikavua shati, nikaingia chini.

Kazi ya springi ni kazi ya nguvu na ya matusi. Tuliweka mawe kwenye magurudumu, tukapandisha jeki, nikaiegemeza chesisi juu ya magogo. Zile bolti zilizokunjwa zinazofunga springi kwenye ekseli zilikuwa zimeshikana kwa kutu na kinyesi cha mbuzi. Nilizikata kwa msumeno. Springi za zamani zikashuka, matope yakanimwagikia shingoni, nikatema kila neno chafu ninalolijua. Springi mpya zikapanda. Zilikaa vizuri. Nilibakiza bushi na pini tu, na moyo wangu ukaanza kutulia.

Nikafungua karatasi.

Zilikuwa ndogo. Duka lilikuwa limenipa bushi za gari jingine kabisa. Niliitia ya kwanza kwenye jicho la springi, ikacheza humo kama punje ya hindi ndani ya debe.

"Nini?" Aminieli aliuliza.

"Bushi zimekataa."

"Funga hivyo hivyo!"

"Nikifunga hivyo hivyo, kona ya pili ekseli itachomoka. Utakuwa umewarahisishia kazi."

Ndipo Eliwaza alipomwita mumewe kwa sauti ndogo sana. "Baba Mbazi... tazama juu."

Kule mlimani, mbali, taa zilikuwa zinashuka. Vienge vya nyasi na chemli, vimefuatana kwenye njia ya miguu. Hakukuwa na kelele. Watu wanaomtafuta ng'ombe hupiga kelele. Hawa walikuwa kimya.

Nikakaa pale chini, mikono imejaa grisi, najiuliza nikate nini kiwe bushi. Mkanda wangu? Mwembamba. Viatu? Vya turubai. Nilitazama hata tairi la akiba, nikaona hata kwa msumeno litanichukua usiku kucha.

Na hapo ndipo niliposikia nzi.

Nzi jioni, ndani ya ukungu, na baridi ile ya mlimani.

Halafu harufu. Maziwa yaliyochachia ndani ya kibuyu, moshi, na ngozi mbichi iliyosahauliwa kabla haijakauka. Harufu nene. Ilinikaa kwenye meno.

Alikuwa bibi mfupi, ametokea upande wa chini wa barabara, kwenye mawe yaliyolala chini ya jabali. Hakuna njia kule. Mgongoni alikuwa amebeba kitu kwenye mbeleko kama abebavyo mama mtoto, na alikuwa akikipigapiga taratibu kwa mkono ulio nyuma.

"Shikamoo, bibi," nilisema.

Hakuitikia marahaba.

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliniuliza.

Sasa, Mpare hata ukimwamsha usingizini ukamwuliza hivyo, atakujibu kabla hajafumbua macho. Ndiyo desturi yetu. Hatujuani mpaka tumalize kutajiana mababu, na wengine wakikosa udugu wa damu huutafuta kwenye kesi za mashamba. Kwa hiyo nikajibu. Sikufikiri. Nimekaa chini ya jabali lile, giza linaingia, mbele ya mtu asiyeitikia shikamoo, nikamtajia ukoo wangu kama niko arusini.

"Baba ni wa Same hapa chini. Mama yangu ni wa Maore, binti wa Mzee Mbonea."

Kanga ndani ya gari ilifunguka. Eliwaza alitoa kichwa.

"Mbonea yupi? Yule wa mtoni? Huyo ni mdogo wake babu yangu!"

"Kumbe," bibi alisema, na akatabasamu. Ufizi wake ulikuwa mweusi na mtupu. "Kumbe mjomba yupo."

Natamani ningejikata ulimi. Lakini wakati ule nilifurahi! Naam, nilifurahi kama mjinga, nimepata dada. Tena nikasema, "Ndiyo, bibi, mjomba nipo."

Bibi akapeleka mkono nyuma kwenye mbeleko. Akatoa kipande cha ngozi, chembamba, cha manjano, kimekunjwa vizuri. Akaniwekea kiganjani. Juu kilikuwa nyororo kama sikio.

"Ya mbuzi?" niliuliza.

"Ya mdogo."

Nilikipima kwenye jicho la springi. Unene wake ulikuwa sawasawa, na sikuamini. Fundi aliyekosa mpira hufunga bushi za ngozi, hilo si geni, nimeshafunga hata za mkanda wa askari. Lakini ndani ilikuwa kavu. Ngozi kavu ukiilazimisha kwenye chuma inapasuka.

"Aminieli, maji."

"Yote nimetia kwenye rejeta."

"Ngozi haitaki maji," bibi alisema. "Inataka mate. Tafuna."

Ni kweli. Fundi viatu yeyote atakwambia hivyo, ngozi inayokaidi hutafunwa. Nimewaona wakifanya, nikageuza uso.

"Aminieli atafune," nilisema.

"Baba hawezi. Mtoto husemewa na mjomba."

Taa zilikuwa zimeshafika mteremko wa pili. Nilianza kusikia kikohozi cha mtu. Aminieli alinitazama, na sijapata kutazamwa vile na mwanamume mwenzangu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikafumba macho, nikakitia mdomoni.

Nasimulia jambo hili mara moja tu, sitalirudia.

Kwanza ilikuwa chumvi. Kisha moshi. Kisha ikalainika, upesi kuliko ngozi yoyote inavyolainika, ikawa vuguvugu, na kitu chembamba chenye utamu kikatiririka chini ya ulimi. Maziwa. Hayakuwa ya ng'ombe. Mtu mzima hawezi kuikumbuka ladha ile, lakini koo langu liliijua. Kulikuwa na vinyweleo, laini sana, vikanigandia kwenye ulimi.

Nilipouma, mtoto alilia ndani ya gari.

Nikaacha. Akanyamaza.

Nikauma tena.

Akalia.

"Tafuna," bibi alisema. "Wanakuja."

Nikatafuna. Nikakitoa kipande kikiwa kinadondoka mate mazito yasiyokuwa yangu, nikakiviringisha kwenye pini, nikakisukuma kwa kidole gumba ndani ya jicho la springi. Kiliingia bila nyundo. Halafu kikabana. Nasema kilibana chenyewe, mimi sikukibana. Kilikishika kidole changu kama mtoto mchanga anavyoshika kidole cha mgeni, na ilinibidi nikivute kwa nguvu.

Bibi akanipa kingine. Kisha kingine. Kila alipochomoa, mbeleko ilizidi kusinyaa mgongoni mwake, naye alizidi kuipigapiga akiimba kitu kwa ndani, wimbo wa kubembelezea. Machozi yalikuwa yananitoka kwa kichefuchefu. Kamasi zilikuwa zinanitoka. Nilikuwa nimegeuka kila kitu ninachokichukia. Na kila nilipouma mtoto alilia, lakini kilio kilizidi kufifia. Kipande cha mwisho nilikitafuna kimya. Hakulia kabisa.

Nikakaza nati. Nikashusha jeki. Landrova likakaa sawa, bila hata kulia.

Bibi alikuwa ameshageuka. Mbeleko ilining'inia tupu.

"Sasa wote wamepanda," alisema. "Nendeni."

"Nani wamepanda, bibi?"

Nzi walikuwa wameondoka, na yeye hakuwapo.

"Ingia!" Aminieli alinivuta. Akapiga stata. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Na taa zikatuzunguka.

Walikuwa wazee tupu, wamejifunga mablanketi. Wengine niliwajua, niliwatengenezea baiskeli. Mzee Filemoni alikuwa mbele, chemli mkononi, na koti lake jeusi la Jumapili.

"Mwanangu," alimwambia Aminieli, kwa upole kabisa, "zima gari."

"Baba, shikamoo. Tuache tupite."

"Mama wa mtoto, mlete mjukuu wangu nimwone."

Eliwaza alikataa. Alimng'ang'ania mtoto mpaka mzee mwenyewe akaingiza mkono dirishani, akaifunua kanga, akainua chemli. Kwa kidole kile kile anachofunulia Biblia, aliinua mdomo wa juu wa mtoto.

Kisha akapitisha kidole kwenye ufizi, huku na huku.

"Hakuna," alisema.

Wazee wakasogea. Mmoja akachungulia, na mwingine akachungulia. Ufizi ulikuwa mtupu, wa pinki, safi. Mtoto aliwatazama akatabasamu. Eliwaza akatoa sauti kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, akamtazama mwanawe kinywani, akaguna tena.

Basi hapo ndipo hasira zangu zilipopanda. Ningenyamaza, tungepita. Lakini mimi nilikuwa nimetapisha roho yangu chini ya gari lile kwa ajili ya wazee hawa, na nilitaka wasikie. Nikatoa kichwa dirishani.

"Mmeona? Mmeona, enyi wachafu? Kesho mtakwenda kanisani na mikono hiyo..."

Mzee Filemoni alininyanyulia chemli usoni.

Akarudi nyuma hatua moja.

Wote wakarudi. Na wote pamoja, kama walioambiana, wakafunika midomo yao kwa viganja.

Nikafunga mdomo. Ulimi wangu ukapanda juu, nyuma ya meno yangu ya mbele. Palikuwa na vitu viwili. Vidogo. Vikali ukingoni, kama punje za mchele. Nilivisukuma kwa ulimi nikidhani ni mchanga.

Havikutoka. Vilikuwa vimeota.

"Fundi," Mzee Filemoni alisema nyuma ya kiganja chake. "Mama yako ni wa wapi?"

Safari hii sikujibu. Lakini macho ya Eliwaza yalinigeukia, na mzee akayafuata.

"Basi mjomba alikuwepo," alinong'ona. Akawapungia wenzake wakatoa njia. "Piteni. Mtoto hana neno. Na wewe, Swalehe, mlimani kwetu usipande tena. Usije msibani. Usije arusini. Ukikutwa huku, wewe ni mtu mzima, hutangojewa mpaka ulale."

Stata ikashika.

Barabara ile naijua. Ina mawe, mifereji, mizizi. Lakini tulishuka bila kurushwa hata kidogo. Lile gari halikupiga kelele, halikutikisika. Tulibebwa. Nalisema neno hilo nikiwa na akili zangu. Mashimo yalipita chini yetu na sisi tulibebwa juu yake, polepole, huku kwa chini, kwenye ekseli, ikisikika sauti laini ya kitu kinachonyonya.

Tulifika Same usiku.

Asubuhi nikawasindikiza stesheni. Mtoto alikuwa amelala na mashavu yamejaa, mzima kabisa. Treni ilipopiga honi nilinyoosha mikono. Nilitaka nimshike mara moja tu. Ni mpwa wangu, nilimnunua kwa kinywa changu.

Eliwaza alimgeuzia upande wa pili.

"Asante, kaka," alisema, na alikuwa analia. "Nitakuombea kila siku. Lakini usimguse."

Sijapata kuumia hivyo. Afadhali angenipiga.

Niliporudi gereji nilikuta mbwa. Mbwa wa sokoni, mbwa wa stesheni, mbwa nisiowajua, wote wamejipenyeza chini ya Landrova, wanalamba mahali pamoja. Niliwafukuza kwa spana. Nikapandisha jeki, nikachomoa pini, nikaikunjua ngozi ya kwanza mchana kweupe, juu ya meza yangu niliyoisugua kwa sabuni.

Ilikuwa na kitovu.

Nilitapika mpaka nikakosa cha kutapika. Kisha nikarudi chini ya gari nikazitoa zote, moja moja, kwa mikono mitupu, maana nisingeweza kuzishika kwa koleo. Nikazikosha. Mimi Swalehe, nilizikosha kwa maji ya uvuguvugu kama maiti wanavyokoshwa. Nikanunua bafta, nikazikafini.

Aliyenisaidia kuchimba alikuwa Mzee Sefania, mlinzi wa stesheni, mtu wa Vudee wa zamani. Hakuuliza kilichomo ndani ya kitambaa. Tulipomaliza kufukia aliegemea jembe.

"Wakati wa Mjerumani kulikuwa na mwanamke," alisema. "Kina mama hawakuwa na moyo wa kuwapeleka watoto juu, basi yeye ndiye aliyekuwa akitumwa. Mpaka siku moja akampeleka wa kwake. Kuanzia siku hiyo akahamia chini ya mawe. Kila aliyeanguka alimwokota."

"Akawafanya nini?"

"Hakuna aliyeuliza, baba. Nani angeuliza?"

Akajitwisha jembe, akaenda zake kazini.

Landrova lipo hadi leo nyuma ya gereji, juu ya mawe. Aminieli aliandika kutoka Tanga kwamba mtoto hajambo, ameota meno ya chini, kisha ya juu, kama watoto wote, na kwamba niliuze gari. Hakuna anayelitaka. Mimi nilikwenda hospitali, wakaning'oa yale mawili. Muuguzi aliyashika kwenye pamba akacheka, akasema, fundi, haya ni meno ya mtoto. Kabla kidonda hakijafunga yalikuwa yameshaota tena. Nimeng'olewa mara nyingi. Nimeacha.

Nilidhani nimeyazoea. Sicheki mbele ya watu, nafunga kitambaa nikifanya kazi, wanadhani ni vumbi.

Lakini wiki iliyopita mke wangu, Sharifa, aliniuliza jambo huku ananipa chai, bila kunitazama.

"Mume wangu, usiku unanyonya nini?"

"Nini?"

"Usingizini. Unanyonya, nasikia kabisa. Na ukimaliza unacheka, lakini si kicheko chako." Aliweka birika chini. "Wala si cha mtoto mmoja."

Nikakiweka kikombe chini. Hakikunywika tena.

Siku hiyo Sharifa alibeba mkeka wake, akahamia chumba cha watoto, akafunga mlango kwa ndani. Sikumlaumu.